Maswali ya Wasomaji: Nitumie programu gani kuandika ukoo wetu?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwezi uliopita tumemzika baba mkubwa, yeye ndo alikuwa anajua nani ni nani kwenye ukoo. Pale msibani tumekaa mkekani tukaanza kuhesabu watoto wote wa babu, hakuna hata mmoja aliyefika mwisho, maana babu alioa wake watatu na mmoja waliachana akarudi kwao Pangani na watoto. Mimi nimeachiwa kaunta buku lake lenye majina, na laptopu ya zamani ninayo. Mtandaoni programu za ukoo ni nyingi hadi nachanganyikiwa, nyingine zinataka dola kila mwezi. Nichukue ipi?

JIBU: Pole sana dada kwa msiba, Mungu amlaze baba yetu mahali pema. Kabla ya programu yoyote, leo hii hii chukua simu upige picha kila ukurasa wa hilo kaunta buku, hata kurasa zenye hesabu za shamba na madeni ya duka, maana kwenye deni mara nyingi kuna jina la mtu na kijiji chake. Ukimaliza watumie ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti na yako, daftari likilowa mvua au likiliwa na mchwa utakuwa umepona.

Sasa tuje kwenye programu. Nianze na kilichonikuta mimi. Niliwahi kuweka apu moja kwenye simu, ina vidude vya rangi na picha za mviringo, nikaingiza watu 140 wa upande wa mama, kazi ya miaka miwili, jioni jioni nampigia mama mdogo namuuliza huyu mtoto wa nani, yule aliolewa wapi. Siku moja nafungua inazunguka tu, kesho yake inazunguka tu, kumbe wenyewe wamefunga biashara na seva wamezima, na ndani ya ile apu hapakuwa na sehemu ya kutolea kazi yako. Wazee wawili walionipa yale majina walikuwa wameshafariki. Niliumia sana na mpaka leo kuna watoto wa bibi mdogo sijawapata tena. Tangu siku hiyo programu yoyote naiuliza swali moja kwanza, nikitaka kuhama nahama na watu wangu?

Jibu la swali hilo linaitwa GEDCOM. Hii ni aina ya faili iliyotengenezwa na kanisa la Wamormoni la Marekani mwaka 1984 ili programu za ukoo ziweze kusomana, na mpaka leo karibu programu zote za maana zinalijua. Toleo utakalokutana nalo sana ni 5.5.1, na kuna jipya la 7.0 lililotoka 2021. Uzuri wake ni maandishi matupu, ukilifungua hata kwenye Notepad unaona majina ya watu wako yanasomeka, kwa hiyo hata programu ikifa mjukuu wako atalisoma. Ila ujue kwenye yale mafaili ya 5.5.1 picha haziingii ndani, kinachoingia ni anwani tu ya picha ilipo kwenye kompyuta yako, kwa hiyo folda ya picha uitunze yenyewe pembeni. Programu isiyokupa GEDCOM iache, hata iwe nzuri vipi.

Kwa hali yako mimi nakwambia chukua Gramps. Ni ya bure kabisa, imeandikwa na watu wa kujitolea, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaidaunlodi mara moja huhitaji bando tena, kila kitu kinakaa ndani ya laptopu yako. Siku za kwanza itakusumbua, sikufichi, madirisha ni mengi na maneno ni mengi, lakini ukishaingiza watu kumi mkono unazoea. Ninachoipendea zaidi ni kwamba inazibeba familia zetu jinsi zilivyo.

Chukua wake watatu wa babu. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kumwandika babu mara tatu, kila mke na babu yake, baadae unakuta una mababu watatu na hakuna anayejua yupi ni yupi. Babu mwandike mara moja tu, kisha mfungulie familia tatu, kila ndoa familia yake, na watoto uwaweke chini ya mama yao. Yule bibi wa Pangani ndoa yake unaongeza tukio la talaka, mwaka kama unaujua, watoto wanabaki watoto wa babu kama kawaida. Ukichora chati hapo utawaona wote, wa baba mmoja mama mbalimbali, kila kundi na mama yake.

Majina ndo yanaleta shida kubwa. Hizi programu nyingi zimetengenezwa na watu ambao jina la ukoo linashuka toka kwa baba mpaka kitukuu bila kubadilika. Kwetu sisi mtu anaitwa Ali Juma Hamisi, mwanae anaitwa Salehe Ali Juma, lile Hamisi limeshaondoka. Ukimwingiza Salehe programu inakimbilia kumpa Hamisi, halafu unaanza kufuta mmoja mmoja. Kwenye Gramps ingia kwenye mipangilio, kuna sehemu ya kukisia jina la mwisho la mtoto, chagua isikisie kitu, jina uandike mwenyewe. Na wanawake waandike kwa majina waliyozaliwa nayo, usiwape ya waume zao, utampoteza mtu hivihivi.

Halafu tarehe. Bibi yangu mzaa baba nilipomuuliza kazaliwa lini alinijibu, "mwaka wa nzige." Nikasema huu mwaka sijui niupeleke wapi. Nikamuuliza, mdogo wako je? Akasema yeye kazaliwa vita ya Hitla ndo imeanza, na yeye bibi siku hiyo alikuwa ameshaanza kuchota maji kwa kibuyu kidogo. Haya, vita ilianza 1939, mtoto wa kuchota maji kwa kibuyu ana miaka sita mpaka minane hivi, na nzige kweli walishambulia huku kwetu miaka ya mwanzo ya 1930. Kwenye Gramps nikaweka kati ya 1930 na 1933, programu ikakubali bila neno, na kwenye maelezo nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nzige na kibuyu na vyote. Ukilazimishwa kuandika tarehe kamili utaishia kuweka 1 Januari ya uongo, na uongo ukishaandikwa kwenye kompyuta watu wanauamini. Kama kwenu kuna tarehe za Kiislamu kwenye vyeti vya ndoa au nyuma ya msahafu, Gramps ina kalenda ya Hijria pia, andika kama ilivyo usijisumbue kubadilisha kwa kichwa.

Undugu wenyewe programu inajua baba, mama na mtoto, basi. Baba mkubwa na mjomba kwa Kiingereza wote ni neno moja, itakuandikia hivyo hivyo, usikate tamaa, ukishamuunganisha kila mtu na wazazi wake mengine yanajipanga. Ndugu wa kunyonya ziwa moja, mtoto wa kulea, hao kuna sehemu ya kuwaunganisha watu kwa uhusiano wa pembeni, itumie. Na kila jina andika umelitoa wapi, "kaunta buku la baba mkubwa ukurasa wa 12" au "kaniambia mama mdogo kwa simu", maana siku watu wawili wakibishana juu ya babu hiyo ndo itakayokuokoa.

Za mtandaoni nikutajie mbili tu. MyHeritage bila kulipa unaishia watu 250, na ukoo wa wake watatu dada utazijaza hizo kabla hujafika kwa wajukuu. FamilySearch ni bure na ipo kwenye simu, ila mti ni mmoja wa dunia nzima, mtu aliyefariki anaweza kuhaririwa na yeyote, na kutoa GEDCOM moja kwa moja hakuna, mpaka upitie programu nyingine kama RootsMagic. Kutafutia kumbukumbu itumie, ila nyumba ya ukoo wenu iwe kwenye laptopu yako.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, wazee wetu walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 na karatasi nyingi zilibaki. Nnataka kununua kipimo cha DNA kile cha mate nijue jamaa zangu walobaki. Kitanisaidia?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kipimo kinakulinganisha na watu waliopima kwenye kampuni hiyohiyo, na wengi waliopima ni wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo ndugu zako wa Unguja na Pemba kama hawajapima hutawaona hata uwe na damu nao ya karibu vipi. Utapewa asilimia za Afrika Mashariki na Uarabuni, ambazo nadhani unazijua tayari, jina la ndugu ambaye hajapima hupati. Fikiria pia usalama wake, 23andMe, moja ya kampuni kubwa za vipimo hivyo, mwaka 2023 taarifa za watu kama milioni 6.9 zilichukuliwa na wadukuzi, na Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Pasiwedi inabadilishwa, damu haibadilishwi. Kwa pesa hiyohiyo mimi ningekata tiketi ya kuja Unguja, nikae na wazee wa mtaa aliozaliwa babu, halafu niende Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Na kama kwenu kuna nasaba iliyoandikwa kwa mkono kwa Kiarabu, hiyo iskani kwanza, Gramps jina linaingia kwa herufi za Kiarabu na la Kilatini pamoja.

SWALI: Tuna grupu la WhatsApp la ukoo watu 87, kila mtu anatuma majina na picha. Nani aingize kwenye programu? (Kijana, Morogoro)

JIBU: Mmoja tu, wengine wamtumie. Mkiwa wahariri watano mtapata shangazi mmoja mara tano. Na walio hai tarehe zao za kuzaliwa na jina la mama zisizunguke grupuni, hayo ndo maswali mtu anayoulizwa akitaka kurudisha laini ya simu au akaunti ya benki. Ukitoa faili la kugawa kuna sehemu ya kuwaficha walio hai, iweke tiki kila mara.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, Kigoma. Kompyuta sina na sitaki. Naweza kufanya hiyo kazi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, unaweza kabisa na daftari linatosha. Tumia namba. Wewe jipe 1, baba yako 2, mama yako 3. Kuanzia hapo kila mtu baba yake ni namba yake mara mbili, na mama yake ni hiyo ukiongeza moja. Babu mzaa baba atakuwa 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Ukitaka baba wa bibi mzaa mama, 7 mara mbili, 14. Kila namba mpe ukurasa wake, hata kama jina hulijui acha ukurasa wazi, siku mtu akilikumbuka mahali pake papo. Ndugu zako na watoto waandike ukurasa wa wazazi wao. Siku mjukuu mwenye laptopu akija kukutembelea mpe daftari akae nalo mbele yako, aingize huku wewe unamsomea.