Wenzangu wanataka Itanda na mimi bado naogopa: majibu ya maswali yenu ya mto

Wiki hii barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za mto, nafikiri ni kwa sababu wikendi ndefu iko karibu na makundi yameshaanza kupangana. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeikalia sana maana inaniuma.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni dada wa miaka 27, niko Kampala. Nilianza kujifunza kayaki, kile kiboti chembamba cha mtu mmoja, mwezi wa pili, kwanza kwenye swimingi puli alafu Jinja kwenye maji ya taratibu kama mara sita hivi. Tuna kundi letu la watu wanane kwenye WhatsApp na tunapanga siku mbili mtoni. Sasa watano kati yetu ni wazoefu na wameamua Jumapili wote tunashuka Itanda, yale maporomoko makali ya Nile. Rolo yangu, yaani kuigeuza boti iliyopinduka ikae sawa bila kutoka ndani, kwenye puli inatoka vizuri, lakini mtoni imetoka mara mbili tu, mara tatu nimevua sketi, ule mpira wa kiunoni unaoziba tundu la boti, nikatoka nje ya boti. Nilivyosema naogopa, mmoja akaniambia woga wangu utawaharibia watu wikendi. Nisiende kabisa? Au niende nikaze roho?

JIBU: Dada yangu, nenda. Ila Itanda upite kwa miguu, kayaki begani, na usimuombe mtu yeyote msamaha.

Ngoja nikueleze kwa nini. Maporomoko tunayapima kuanzia 1 mpaka 6, moja ni maji yanayotembea tu na sita ni pale ambapo hata mtu aliyekaa mtoni miaka na miaka anasimama juu ya jiwe anaangalia nusu saa na mara nyingi anabeba boti yake anaondoka. Itanda iko huko juu kwenye hiyo ngazi. Hata rafti kubwa za watalii, zile boti za kujazwa upepo za watu sita saba na kiongozi anayeujua mto kama uwanja wa kwao, abiria wanashushwa kabla ya sehemu mbaya, wanatembea kandokando, alafu wanaingia tena maji chini yake. Kama rafti inatembea, wewe mwenye rolo mbili za mtoni unakazia roho kitu gani? Roho haigeuzi kayaki, kayaki inageuzwa na nyonga na goti na kasia lililokaa mahali pake, na hivyo vyote vinakuja kwa kurudia, sio kwa kuambiwa mbele za watu kwamba wewe ni muoga.

Na huyo aliyekuambia unaharibu wikendi, hapo ndipo nina neno na kundi zima. Safari ya mto inapangwa kwa kumuangalia yule mwenye rolo dhaifu kuliko wote. Simaanishi wazoefu wasifurahi, hapana, wao wana Jumapili yao na waipate. Namaanisha hivi: ukipinduka ukatoka kwenye boti, ni hao watano watakaoacha njia yao kukufuata wewe, boti yako na kasia lako, vitu vitatu vinavyoelea kila kimoja upande wake katika mto mpana vile. Kwa hiyo ukiingia mahali pasipo pako unakuwa umeweka na wengine hatarini. Mwenye kusema mapema "hapa sipiti" anawalinda wenzake, mimi namheshimu zaidi huyo kuliko anayeruka kila kitu.

Sasa wikendi iwe vipi. Jumamosi nyote mpite sehemu nyepesi, mmoja mzoefu mbele, mmoja mzoefu nyuma kabisa ambaye hapitwi na mtu, nyie watatu wapya katikati. Baada ya kila poromoko mnaingia kwenye edi, yale maji ya nyuma ya jiwe au pembeni yanayozunguka kurudi juu, mnahesabiana, alafu ndio mnaendelea. Kubalianeni ishara kabla ya kugusa maji maana kelele ya mto inameza sauti: kasia limesimama wima ni njoo, kasia limelala juu ya kichwa ni simama hapo hapo, kujipiga kichwani juu ya helmeti ni niko sawa, na wewe unajibu vile vile. Na mkono unaonyesha upande wa KUPITA, hauonyeshi hatari hata siku moja, kwa sababu mtu aliye ndani ya wimbi akiona kidole anakwenda kidole kilipoelekea.

Jumapili hao watano wanashuka Itanda kama wanataka na nyie watatu mna kazi juu ya mawe, kazi kweli kweli, mfuko wa kamba wa kumrushia aliyetoka kwenye boti. Jifunze Jumamosi jioni kwenye nyasi. Mkono mmoja unashika ncha ya kamba, mwingine mfuko. Piga kelele "KAMBA!" usubiri mpaka yule mtu akuangalie, ndio urushe, na urushe kupita kichwa chake ili kamba imdondokee begani, ukiurusha mbele yake hataufikia. Akishaishika unakaa chini, matako chini, miguu imesukuma jiwe, maana uzito wa mtu pamoja na maji utakuvuta kama ng'ombe. Na kamba usiizungushe mkononi hata kidogo, ikibidi uiachie uweze kuiachia.

Ukiogelea hiyo Jumamosi, na utaogelea tu, sote tunaogelea: lala chali, miguu mbele na iwe juu juu, vidole uvione, shika boti yako kama iko karibu. Usisimame kwenye maji yanayokimbia hata kama ni ya magotini, mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakulaza kifudifudi na hunyanyuki. Vuta pumzi ukiwa bondeni kati ya mawimbi, kileleni funga mdomo. Uzuri wa Nile yetu ni kwamba ni mto wa maji mengi na yenye joto, kina kirefu, na chini ya maporomoko mengi kuna maji mapana yaliyotulia, kwa hiyo ukitulia na wewe mara nyingi mto unakutema wenyewe. Anayechoka haraka ni anayepigana nao.

Nimalizie na jambo moja ambalo siwezi kuandika barua ya kayaki nikaliacha. Zamani kabla maporomoko ya Bujagali hayajazama chini ya bwawa tulitoka Kampala kundi la watu sita, tukachelewa foleni ya Mukono, tukasimama Namawojjolo kula kuku na gonja kama kila mtu anavyofanya, tukafika mtoni saa sita na kila mtu ana haraka. Mwenzetu akafunga sketi yake kitanzi kikabakia ndani. Kile kitanzi cha mbele, cha kuvuta ukipinduka, kilikuwa chini ya mpira na yeye hajui. Poromoko la kwanza tu akapinduka. Nikaona tumbo la boti, nyekundu, na viganja viwili vinaligonga, pa pa pa, na hakuna mtu anatoka. Nilikuwa mita kumi hivi kutoka kwake, kwenye maji yanayorudi nyuma, na zile mita kumi sijawahi kuzisahau. Aliokoka kwa sababu alipeleka mkono pembeni kwenye nyonga akabana mpira wa sketi akaunyofoa kwa kucha, akatoka mdomo umepasuka, hakusema kitu mpaka jioni. Tangu siku ile kundi langu hakuna anayeingia maji mpaka mwenzake amegusa kitanzi chake kwa mkono. Haitoshi kuangalia kwa macho, ni kushika. Dada, Jumamosi asubuhi wewe ndiye uwe wa kupita kwa watu wote wanane ukishika vitanzi, hata vya wale wazoefu watano, hasa vya wale wazoefu watano.

SWALI: Kaka mimi napenda sana mto lakini mke wangu anasema nitamletea kichocho nyumbani yeye na watoto. Nimemwambia nikirudi tu Jumapili usiku nakunywa dawa na yanaisha. Nani ana haki?

JIBU: Nyote mna haki nusu nusu.

Kichocho hakitoki kwako kwenda kwa mke au watoto moja kwa moja, kwa hilo mtulize. Mdudu wake lazima apite kwenye konokono wa majini kwanza, ndio atoke huko akiwa mdogo sana huwezi kumuona, apenye ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Kwetu huku ziwani na mtoni ni ile aina ya tumbo na ini, na ipo, msidanganyane kwamba haipo, serikali imekuwa ikigawa dawa kwenye wilaya za ukanda wa maji tangu mwaka 2003 sio bure. Konokono wanapenda pembeni kwenye majani na maji yaliyosimama. Katikati ya mkondo unaokimbia hatari inapungua, kwa hiyo zile saa mnakaa pembeni kwenye matete mnapiga stori miguu iko majini ndizo za kupunguza.

Dawa sasa. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga iliyoingia Jumamosi inaipita tu. Ukinywa Jumapili usiku umekunywa mapema mno. Subiri kama wiki sita mpaka nane baada ya kutoka majini ndio uende kituo cha afya wakupime na wakupe kwa uzito wako, usinunue vidonge viwili vya kubahatisha dukani. Kama katikati hapo ukipata homa, kikohozi, ngozi kuwasha, nenda mapema na useme wazi "nilikuwa mtoni Jinja" kwa sababu daktari asipojua atafikiria malaria tu.

Na kitu kimoja makundi yetu hayapendi kukisema. Mayai ya huyu mdudu yanatoka kwenye kinyesi cha mtu anayeumwa yakafika majini yakakutana na konokono, hivyo ndivyo mzunguko unavyoendelea. Nimeona watu wazima, wana kazi zao nzuri mjini, wanajisitiri kwenye kichaka hatua tatu kutoka maji ambapo mama wa kijijini anakuja na jerikani yake saa kumi. Hii inaniudhi kuliko kitu chochote wikendi nzima. Tumieni choo kabla ya kuingia, kijiji kina vyoo, omba, utapewa.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa reli, nimestaafu niko hapa Jinja. Wajukuu zangu wanasema wanakwenda kuangalia watu wa vimtumbwi vya plastiki. Nawaambia maporomoko yaliisha, mimi Bujagali nilikuwa nakwenda na bibi yao Jumapili na sasa ni ziwa tu. Wanakwenda kuangalia nini? Na mzee kama mimi naweza kufika?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuandika, barua yako nimeisomea watu hapa.

Unasema kweli kuhusu Bujagali, bwawa lilikamilika 2012 na maporomoko yako chini ya maji, kama Ripon ilivyozama bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954. Alafu bwawa la Isimba likazinduliwa 2019, kule chini zaidi, likachukua tena kipande kingine cha mto. Umeme tunauhitaji, mimi mwenyewe nachaji simu yangu na huo huo, lakini sitasema hainiumi. Sisi wa kayaki tulijifunzia pale.

Kilichobaki na wajukuu wanachokwenda kukiona ni Itanda upande wetu wa Busoga na Kalagala upande wa pili wa mto, Kayunga. Hizo zipo kwa sababu mwaka 2007 serikali iliwekeana sahihi na Benki ya Dunia kwamba Bujagali ikijengwa basi Kalagala na Itanda zihifadhiwe, zisiwe za umeme. Kwa hiyo mzee ile sauti uliyokuwa unaisikia na bibi yao bado ipo mahali, imesogea tu. Bado pia watu wanakuja pale kuomba kwa mizimu yao, na vijana wangu nawaambia siku zote mkikuta watu kwenye ibada teremsheni boti taratibu, acheni kelele, subirini.

Kitu ambacho kimebadilika kwetu ni kwamba mto sasa unafuata bwawa la juu yake. Maji yakifunguliwa mengi wimbi lile lile linakuwa kitu kingine kabisa, asubuhi ulipita ukicheka, mchana shimo limefunguka chini yake linazungusha boti. Ndio maana tunauliza wenyeji kila asubuhi kabla ya kuingia, wavuvi hasa, wao wanasoma maji kwenye mawe ya pembeni kuliko sisi wenye helmeti.

Kufika utafika mzee. Toka Jinja kwa gari dogo au boda ya mtu unayemjua, barabara ya upande huu huu wa mashariki, ukiuliza Itanda kila mtu anaijua. Nenda asubuhi jua halijawa kali. Ukifika kuna vijana watataka kukubebea kiti au kukushika mkono, patana nao bei kabla na uwalipe vizuri, wengi wao ndio hao hao wanaotubebea kayaki. Kaa kwenye mawe makavu ya juu, pale unaona maporomoko yote na unaona watu wakija kutoka mbali, kwanza helmeti tu zinaibuka na kuzama. Wajukuu wasishuke kwenye mawe yenye mnyunyizo, yanateleza kama sabuni, na wewe uvae viatu vya mpira vyenye meno chini, champali uziache nyumbani.