Skana inapiga kengele tu, kuingia ni shauri lako

Wiki hii nimetumiwa picha tatu za skana (programu inayochuja hisa zinazoruka sokoni) na zote zina ugonjwa uleule. Hisa imepanda asilimia 210, mstari umewaka kijani, na chini yake swali: "kaka hii vipi, niingie?" Naangalia volyumu, yaani hisa zilizobadilishana mikono, ni elfu nne. Elfu nne toka saa kumi alfajiri ya New York, biashara ilipoanza! Hiyo wala si momentamu (bei kusukumwa na wanunuzi wengi), hao ni watu wawili wamegongana gizani. Sasa naandika mara moja, atakayenitumia tena picha ya hivo namrudisha hapa.

1. Volyumu kwanza, asilimia baadae. Primaketi ya Marekani (biashara ya kabla soko halijafunguliwa rasmi) mimi naanza hivi: bei dola 2 mpaka 20, gepu (bei kuruka kutoka ile ya kufunga jana) asilimia 10 kwenda juu, volyumu angalau laki moja kabla ya saa tatu na nusu ya New York soko linapofunguliwa, riletivu volyumu 5 (mara tano ya kawaida yake), floti (hisa zilizo huru kuuzwa sokoni) chini ya milioni 20. Ni namba za kuanzia tu, utazichezea mwenyewe. Ila hiyo riletivu volyumu angalia skana yako inaihesabu vipi. Kama inachukua volyumu ya mpaka sasa hivi inagawanya kwa wastani wa siku nzima, dakika tano baada ya kufungua hisa ya moto inasoma 0.6 na filta yako inaitupa, halafu mchana zinakuja zote kwa pamoja zikiwa zimeshachoka. Chagua ile inayolinganisha na saa hiyohiyo ya siku zilizopita.

2. Kama data yako inachelewa dakika 15, huna skana, una gazeti. Lipia.

3. Floti. Hapa ndo nililia, mkae vizuri.

Ilikuwa kampuni ndogo ya dawa, jina naliacha. Habari ya majaribio imetoka asubuhi, skana ikalia, nikaona floti milioni 1.9 na mwili ukanisisimka, si mnajua. Ilikuwa imetoka dola 3.10 imeshafika sita na kitu. Nilikuwa na wiki mbili nzuri nyuma yangu, yaani kichwa kimevimba, na badala ya hisa zangu 500 za kila siku nikachukua 3,000 kwa 6.42. Levo 2 (orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri) ilikuwa na muuzaji amekaa 6.50. Hisa elfu nane, zinaliwa, zinarudi elfu nane, zinaliwa tena, zinarudi. Na mimi, mtu mzima, nikajisemea "akiisha huyu tunaruka". Volyumu ilishafika milioni 11! Ningetulia hata nusu dakika ningejiuliza, kwenye floti ya milioni 1.9, huyu asiyeisha anazitoa wapi? Sikujiuliza. Nilikuwa nahesabu faida ambayo bado haijaja.

Ikageuka. Stopu yangu (oda ya kuuza bei ikishuka) ilikuwa ya limiti, inaamka 6.20 ila haiuzi chini ya 6.15, bei ikairuka kama haipo, soko likaisimamisha hisa kwa dakika tano ikiwa 5.80. Dakika tano zile ni ndefu jamani, unaangalia skrini haitikisiki, unaanza kuongea na kiti. Ikafunguliwa 5.52 na hapo ningeweza kutoka, oda ilikuwa tayari, kidole kipo juu ya kitufe, nikasema "ngoja irudi kidogo". Haikurudi. Ikasimamishwa mara ya pili na nilipotoka nilitoka 4.75. Dola 5,010. Miezi minne ya kuokota senti senti, imeondoka kabla chai haijapoa.

Usiku ndo nikaingia EDGAR (hifadhi ya nyaraka za kampuni za Marekani), kitu nilichotakiwa kufanya asubuhi. Miezi miwili nyuma kampuni ilikuwa imeunganisha hisa zake, 15 kuwa moja, na mtoa data wa skana akabaki na hesabu ya siku ile. Baada ya hapo wakauza hisa mpya, watu wa waranti (haki ya kununua hisa mpya kwa bei iliyopangwa) nao wakabadilisha za kwao, na kulikuwa na 424B5, waraka unaoiruhusu kampuni kuuza hisa mpya kidogokidogo sokoni. Floti halisi ilikuwa imepita milioni 14. Sina ushahidi kwamba yule wa 6.50 alikuwa kampuni yenyewe, ila ukiniuliza mimi, najua niliyekuwa nampa hela.

Toka siku hiyo: ukurasa wa kwanza wa 10-Q (ripoti ya robo mwaka) ya karibuni una idadi ya hisa na tarehe yake, halafu tafuta S-3 (usajili wa hisa za kuuzwa) na 424B5 zilizokuja baada ya hapo. Dakika mbili. Kwenye skana yangu nimeweka safu naijaza kwa mkono, "floti yangu", ikiwa tupu siingii hata kengele ipasuke.

4. Ukiona gepu ya asilimia 1,900 usipige kelele, ni hisa 20 zimeunganishwa kuwa moja na bei ya jana haijarekebishwa. Kuna kijana alinipigia simu anahema kwa ajili ya hiyo. Nampenda sana, ila alinipigia akiwa ameshatuma oda. Na ile iliyoruka asilimia 60 halafu ikaganda, inacheza senti mbili tu, soma habari: kampuni imenunuliwa kwa bei iliyopangwa ya fedha taslimu, hamna pa kwenda.

5. Filta zisizidi sita saba. Huyohuyo kijana ana 17, alizipanga mpaka zikamwonyesha hisa moja aliyoikosa mwezi uliopita, na kweli zinamwonyesha hiyohiyo tu. Skana imenyamaza wiki ya pili na yeye anasema soko limekufa.

6. Sauti weka kwenye alati (kengele ya skana) moja tu, spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) ikizidi senti tano kwa hisa ya dola tatu pita, na ukiwa nje ya Marekani kumbuka wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mimi mkongwe hapa, kuna mwaka mwezi Machi nilisahau, nikakaa kwenye skana muda kama saa moja nikisubiri soko lifunguliwe, huku nashangaa hii primaketi ya leo mbona ina volyumu namna hii.