Kabla ya Kununua Bodi Nyingine: Majibu kwa Wapiga Picha

Barua nilizopokea safari hii zimeandikwa na watu wa hali mbalimbali, wengine wakiwa ndio kwanza wanaanza kazi ya picha na wengine wakiwa wameshaizoea kwa miaka, lakini karibu zote zinaanzia mahali pamoja: mwandishi anaamini kuwa shida yake itaondoka akibadilisha bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Ninazijibu nikiwa na imani tofauti, kwamba mwanga, lenzi na utunzaji ndivyo vinavyostahili kupewa fedha kwanza, na pale nitakaporefusha maneno naomba nivumiliwe, kwa sababu nimeona vijana wengi wakiingia madeni kwa ajili ya kifaa ambacho hawakukihitaji.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na nusu ili nianze kupiga picha za harusi. Dukani wananishauri ninunue kamera mpya yenye megapikseli nyingi, pamoja na lenzi inayokuja nayo kwenye boksi. Nifanye nini?

Marahaba, kijana wangu. Usiimalize akiba yako kwenye bodi. Kamera ya megapikseli 24, ambayo leo ni kamera ya kawaida kabisa, hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000, na picha hiyo unaweza kuichapisha kwa upana wa sentimita 50 bila kuonekana imechakaa. Albamu ya harusi haifiki huko. Kinachoharibu picha za ukumbini ni uchache wa mwanga, na hapo ndipo lenzi ya boksini inapokuangusha. Lenzi ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), wakati lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini sokoni, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo.

Kwa hiyo gawanya fedha yako. Nunua bodi iliyotumika, kisha baki na fungu la lenzi moja yenye tundu kubwa na fungu la flashi ambayo kichwa chake kinageuka juu na pembeni. Flashi za Godox na Yongnuo zinafanya kazi hii vizuri. Lenzi ya boksini usiikatae ukipewa, itakufaa kwa picha za ukoo mzima, kwa sababu milimita 50 kwenye bodi yenye kihisio kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, huona finyu, kana kwamba ni milimita 75 au 80, na katika sebule ya watu utajikuta mgongo uko ukutani na shangazi wawili bado wamebaki nje ya picha.

Ukienda kutazama bodi iliyotumika, nenda mchana na usimwonee haya muuzaji. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi, kisha funika lenzi na upige picha nyingine ya sekunde kadhaa uone kama kuna nukta zinazong'aa gizani. Uliza shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha, imefyatuka mara ngapi, kwa kuwa bodi nyingi za daraja la chini huundwa kwa makadirio ya mara 100,000 hivi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha yenyewe, ilhali kwa Canon nyingi huna budi kuiunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu. Ukichagua Nikon za mfululizo wa D3000 au D5000, kumbuka kuwa bodi hizo hazina mota ya fokasi, ile inayoizungusha lenzi hadi picha ionekane kali, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yao wenyewe utalazimika kuzizungusha kwa mkono. Mwisho, mwandikishane mauziano yakiwa na namba ya kamera, maana kamera za wizi zipo, na atakayefuatwa na mwenye mali ni wewe uliyeishika.

Naandika kutoka Mwanza. Video zangu za ukumbini zina mistari myeusi inayotembea juu na chini, ingawa picha za mnato ziko sawa. Je, kihisio cha kamera kimekufa?

Hakijafa. Umeme wa Tanzania, sawa na wa Kenya na Uganda, ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kugundua. Yaelekea ukifungua menyu utakuta kamera yako imewekwa NTSC, utaratibu wa nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani, na inarekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde. Ihamishie PAL, utaratibu wa nchi za hezi 50, urekodi fremu 25 au 50, na shata uiweke 1/50 au 1/100 ya sekunde, na mistari hiyo itatulia. Zitabaki taa za rangi za jukwaani, ambazo baadhi yake hupunguzwa mwanga kwa mapigo yake zenyewe yasiyofuata umeme wa ukutani. Kwa hizo hakuna dawa ila kufika mapema, kuomba ziwashwe, na kuijaribu shata hatua kwa hatua kabla wageni hawajaketi.

Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga picha wa Mombasa. Kila nikipiga picha za nikahi nyuso zinatoka nyeusi mno, hata bwana harusi hatambuliki, na wateja wananilaumu. Ninunue kamera gani inayoelewa ngozi zetu?

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako lina historia nyuma yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Ukihisi kuwa vifaa hivi havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi, hujakosea. Hata hivyo, kinachokutokea kwenye nikahi kina sababu nyingine, na hiyo unaweza kuiondoa leo kwa kamera uliyo nayo.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kanzu wala uso. Chochote kinachowekwa mbele yake hukichukulia kuwa ni kijivu cha wastani. Sasa tazama unachokielekezea: safu mbili za wanaume waliovaa kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi, inaamua kuwa mwanga umezidi, inaupunguza hadi kanzu ziwe za kijivu, na nyuso zinashuka pamoja nazo. Weka fidia ya mwanga, mpangilio wa kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga, kwenye +1, au hata zaidi kidogo, kisha kuza picha kwenye skrini na utazame darizi za shingoni mwa kanzu ya bwana harusi. Ikiwa nyuzi za darizi bado zinatofautika na kitambaa, uko salama na unaweza kuongeza hatua ndogo nyingine. Zikiyeyuka na kuwa doa moja jeupe, umepita mpaka, rudi nyuma. Wanawake waliovaa mabuibui meusi watakuletea kinyume chake, kamera itang'arisha kupita kiasi, na fidia itabidi iende chini ya sifuri.

Piga kwa faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu, kwa sababu linahifadhi maelezo ya kivulini ambayo JPEG, lile faili la kawaida lililobanwa, huyatupa. Flashi usiielekeze usoni mwa mtu moja kwa moja. Ngozi yetu inapendeza kwa mwanga mpana unaotoka ubavuni, unaoacha mng'ao laini kwenye shavu na paji la uso, na mwanga huo unaupata kwa kuielekeza flashi kwenye ukuta mweupe au dari iliyo karibu. Angalia tu rangi ya dari: misikiti na kumbi nyingi zimepakwa kijani, na mwanga ukigonga kijani unarudi na kijani chake usoni mwa bwana harusi.

Ninaishi Muscat na natarajia kuja Unguja kwa ndege nikiwa na betri sita za kamera. Niziweke kwenye begi kubwa?

Hapana. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, kwa hiyo zibebe mkononi, kila moja ikiwa kwenye kifuniko chake au imezibwa ncha zake kwa utepe. Mpaka wa kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100 kwa betri moja, na betri ya kamera ya volti 7.2 na miliampea-saa 2,000 ina wati-saa 14.4 tu. Utaratibu wa idadi huweza kutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo soma masharti ya shirika lako kabla ya kwenda uwanjani.

Nilinunua kadi ya GB 128 kwa bei nafuu sana. Harusi nzima niliiona kwenye skrini ya kamera, lakini nyumbani nusu ya picha hazifunguki. Mimi ni mama, naendesha studio ndogo Morogoro. Je, zitapatikana?

Pole sana, dada yangu, najua uzito wa kumpigia simu bibi harusi kwa habari kama hiyo. Kwanza acha kabisa kuitumia kadi hiyo, usiifomati, na uijaribu kwa PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili. Lakini sitakupa tumaini la uongo. Maelezo yako yanafanana sana na kadi ya bandia ambayo ndani ina GB 8 au 16 na imefundishwa kuiambia kamera kuwa ni 128. Ikijaa, hupokea picha nyingine na kuziandika juu ya zile za mwanzo, au haiziandiki popote, na picha ambayo haikuandikwa haina mahali pa kufufuliwa. Jina na picha ndogo huonekana vizuri kwenye kamera siku ile ile, na ndiyo maana wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

Kadi yoyote mpya, hata ukiinunua kwenye duka unaloliamini, ijaze yote kabla ya kazi ya kwanza kwa programu ya H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama ni Mac. Zote mbili huandika hadi mwisho kisha huyasoma tena yaliyoandikwa na kukuambia ukubwa wa kweli. Kuhusu kasi, usihadaike na namba kubwa iliyo katikati ya kadi, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma. Tafuta alama ya V30, ambayo ni ahadi ya kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, nayo inatosha kwa video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo kwa hesabu ni megabaiti 12.5. Tena, nunua kadi mbili za GB 64 badala ya moja ya 128, na bodi yako ikiwa na nafasi mbili za kadi, iamuru iandike kila picha kote kuwili.

Mimi ni mwalimu wa Kigoma, narekodi masomo. Maikrofoni ya kubana shatini inafanya kazi kwenye simu, ila nikiichomeka kwenye kamera sauti haisikiki.

Mwalimu, tazama ncha ya plagi. Ukihesabu vijipete vitatu vyeusi, hiyo ni plagi ya simu. Tundu la kamera linahitaji yenye vijipete viwili. Kuna kiunganishi kidogo cha kubadilisha kutoka vitatu kwenda viwili, nacho ni cha bei ndogo. Hakikisha pia umechomeka kwenye tundu lenye alama ya maikrofoni, kwani kamera nyingi zina la visikizio pembeni yake lenye ukubwa ule ule.

Nimeweka lenzi yangu kwenye mkoba wake wa ngozi, kabatini, tangu kabla ya masika. Juzi nimeitoa nikaona kama utando ndani ya kioo. Niko Unguja. Ni vumbi?

Natamani iwe vumbi, lakini hebu fanya hivi. Ingia chumba chenye giza, ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, na umulike tochi ya simu kutoka upande wa nyuma huku ukitazama kwa mbele, ukiigeuza lenzi taratibu. Vumbi litaonekana kama nukta zilizotawanyika. Ukiona nyuzi nyembamba zinazogawanyika na kugawanyika tena kama mizizi ya mche uliong'olewa, huo ni ukungu, kuvu hai anayekula mafuta ya vidole na vumbi lililonasa kwenye kioo.

Kuvu huyo hutoa asidi, na asidi hiyo hula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo, kwa hiyo kila wiki unayosubiri inapunguza uwezekano wa lenzi kusafishika. Mimi nilisubiri. Nilikuwa na lenzi ya milimita 85 niliyoipenda kuliko zote, nikajiambia kuwa picha bado ziko safi, na fundi alipoifungua hatimaye aliutoa ukungu wote lakini chapa ya nyuzi zake ilikuwa imechorwa kwenye kioo chenyewe. Mpelekee fundi lenzi yako wiki hii, usijaribu kuifungua kwa bisibisi za nyumbani, na ukiwa unasubiri itenge mbali na lenzi nyingine.

Mkoba wa ngozi uache kabisa, kwa sababu ngozi na kitambaa hushika unyevu, na kabati lililofungwa halipitishi hewa. Tafuta kontena la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa kwenye mfuniko, uweke ndani yake chembe za silika pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, na uhakikishe kipimo kinasoma kati ya asilimia 40 na 50; hewa ya kisiwani mara nyingi hupita 70. Chembe za rangi ya chungwa ni bora kuliko za buluu, ambazo zina kemikali ya kobalti yenye sumu. Zikigeuka kijani zimeshiba maji, nawe utazikausha kwenye kikaango kisichopikiwa chakula, kwa moto mdogo, hadi rangi yake irudi. Mchele usiutumie, unaacha unga. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujafungua mlango, uiache humo nusu saa hadi ipate joto la nje, ili umande utande juu ya mfuko na si juu ya kioo. Na lenzi itumie mara kwa mara, walau mara moja kwa wiki itoe uichukue barazani ipate mwanga na hewa.