Uondoke nyumbani lini? Kliniki za mwisho na dalili za uchungu

Akina mama wengi wanaokaribia kujifungua huuliza, "Nitajuaje kama ni uchungu?" Swali lenye faida zaidi ni hili: "Mimi, na hali yangu, niondoke nyumbani lini?" Jijini Nairobi, mwenye mimba ya kwanza anayeishi Eastleigh, karibu na hospitali ya uzazi ya Pumwani, na mwenye kovu la upasuaji wa uzazi anayeishi mbali, Ruai, hawawezi kufuata kanuni moja. Jibu lako linapatikana kliniki, hasa ile ya wiki ya 36, na kuiruka kwa sababu mtoto anacheza vizuri ni hasara.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mama aonwe angalau mara nane: kabla ya wiki ya 12 kuisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ona jinsi zinavyosongamana mwishoni. Presha ya mimba, mtoto aliyekaa vibaya na mtoto aliyeacha kukua mara nyingi hujitokeza wakati huo, na mama anaweza asihisi chochote.

Kwanza hakikisha tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9: hedhi iliyoanza 10 Machi inakupa 17 Desemba. Kama hedhi zako hazina mpangilio, au huikumbuki ya mwisho, tegemea skani iliyopigwa mapema, kabla ya wiki ya 24. Skani ya mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea hata kwa wiki tatu, kwa kuwa watoto wa umri huo hutofautiana sana kwa ukubwa. Kwa hiyo skani ya mwisho ikikupa tarehe mpya kabisa, usiifute ile ya kwanza. Mwonyeshe mkunga zote mbili. Na usiishike hiyo siku kama miadi. Takriban mtoto 1 tu kati ya 20 ndiye huzaliwa siku yenyewe, na kuanzia wiki ya 37 kuzaliwa ni jambo la kawaida.

Kliniki hizi za mwisho zina vipimo vichache ambavyo ni haki yako kujua majibu yake. Presha ndiyo ya kwanza. Kaa chini kama dakika 5 kabla ya kupimwa. Aliyetoka stejini mbio hupata namba isiyo ya kweli. Ikifika 140/90 inataka kufuatiliwa hata kama unajisikia mzima, na ikifika 160/110 ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mkojo hupimwa protini kwa sababu hiyo hiyo: presha ikipanda pamoja na protini, kifafa cha mimba huweza kufuata. Kupewa foleni ya kupima uzito tu kisha kuambiwa uende nyumbani si kliniki. Uliza, kwa heshima lakini uliza: "Sista, presha yangu ni ngapi leo?"

Tumbo hupimwa kwa utepe, na sentimita zake hukaribiana na idadi ya wiki, ikizidi au kupungua mbili hivi. Moyo wa mtoto unatakiwa upige mara 110 hadi 160 kwa dakika. Kiwango cha damu (hemoglobini) chini ya 11 ni upungufu, na heri kuutibu sasa kuliko kuingia leba nao, maana kila anayejifungua hupoteza damu. Kipimo cha virusi vya ukimwi hurudiwa miezi mitatu ya mwisho hata kama cha kwanza kilikuwa sawa. Mwenye damu ya rhesus hasi huhitaji sindano ya anti-D karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana rhesus chanya. Ulizia bei na mahali inapopatikana mapema, usingoje usiku wa kujifungua.

Kuhusu vidonge vya damu, kosa letu Wakenya ni chai. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo kidonge kinachomezwa na kikombe cha asubuhi hakifanyi kazi yake sawasawa. Kimeze kwa maji au juisi ya machungwa, saa moja au mbili mbali na chai. Choo kitakuwa cheusi. Hilo si tatizo. Yale mawe ya kutafuna yanayouzwa sokoni kwa wajawazito hayaongezi damu. Hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, kwa hiyo itaje kliniki badala ya kuificha.

Sasa wiki ya 36. Mkunga hushika tumbo kujua kama kichwa kimeelekea chini. Kama mtoto ametanguliza matako au amelala kwa kukingama, bado kuna nafasi ya kupanga. Akigunduliwa hivyo leba, mpango umekwisha, kinachobaki ni haraka. Toka hapo ukiwa na majibu haya: mtoto amekaaje, kondo la nyuma liko mbali na mlango wa kizazi au la, naweza kujifungulia kituo cha afya cha mtaani au niende hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, na uchungu ukianza niondoke ukiwa umefikia wapi. Mwenye kovu la upasuaji, pacha, presha au mtoto aliyekaa vibaya asipange kituo kidogo. Aandikishwe mapema Pumwani, Mama Lucy, Mbagathi au hospitali nyingine ya kiwango hicho. Kenyatta ni hospitali ya rufaa, kwa hiyo uliza kama utahitaji barua.

Kucheza kwa mtoto hakupungui anapokaribia kuzaliwa. Aina ya mwendo inaweza kubadilika, akajisukuma na kujigeuza zaidi kuliko kupiga teke, lakini wingi haupaswi kushuka. Imani kwamba "ametulia anajiandaa" imechelewesha wengi. Ukihisi ametulia mno, lala ubavu wa kushoto, weka simu mbali, uhesabu. Usipofikisha miondoko 10 ndani ya saa 2, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku. Usinywe soda baridi ili umwamshe kisha ukalala.

Tukija kwenye uchungu wenyewe, kuna dalili zinazoonyesha tu kwamba mwili unajiandaa. Tumbo hushuka, pumzi ikawa nyepesi na kibofu kikabanwa. Mgongo huuma. Wengine huharisha kidogo. Ute mzito wenye michirizi ya damu, wa waridi au kahawia, unaweza kutoka saa chache au siku kadhaa kabla. Hakuna kati ya hizo inayokulazimu kuita gari. Lakini damu nyekundu inayotiririka kama hedhi si ute. Hiyo ni dharura, iwe na maumivu au isiwe nayo.

Uchungu wa uongo husumbua zaidi jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na kunywa maji kidogo. Tumbo hukaza, mara upande mmoja tu, na huachia bila mpango. Kojoa, kunywa glasi mbili za maji, oga maji ya vuguvugu, badilisha mkao. Ukipoa, haukuwa wenyewe. Uchungu wa kweli haujali umelala au unatembea. Mara nyingi huanza kiunoni ukazunguka mbele, tumbo zima likawa gumu kiasi kwamba kidole hakibonyei, na unapofika kileleni huwezi kumaliza sentensi. Kisha huachia kabisa. Tumbo linalobaki gumu kama ubao bila kuachia si uchungu wa kawaida: huenda kondo limebanduka, na hapo dakika zina thamani.

Pima kwa saa, usipime kwa makali ya maumivu. Andika kila uchungu unapoanza na umedumu sekunde ngapi. Nafasi huhesabiwa kutoka mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, si kutoka mwisho wa ule wa kwanza. Wanaokosea hapo hujiona wako mbele kuliko walivyo. Ukiandika 2:10, 2:18, 2:25, 2:31, 2:36, nafasi zinapungua: 8, 7, 6, 5. Ukiandika 2:10, 2:16, 2:35, 2:41, bado hakuna mpangilio.

Kwa mimba ya kwanza isiyo na tatizo, kanuni ya kawaida ni uchungu kila dakika 5, wa sekunde 60, kwa muda wa saa 1. Lakini kanuni hiyo haikutungwa na mtu anayetoka mtaa wa Utawala saa kumi na mbili asubuhi. Kama njia yako ni Jogoo Road, Mombasa Road au Thika Road saa za msongamano, au mvua inanyesha, ondoka zikiwa dakika 7 au 8. Aliyewahi kuzaa aondoke mpangilio ukishaeleweka, hata zikiwa dakika 10, kwa sababu mlango uliowahi kufunguka hufunguka upesi. Mwenye kovu la upasuaji hangoji hesabu; uchungu wa kwanza wa kweli, aende.

Chupa (mfuko wa maji ya mtoto) ikipasuka, tazama saa, kisha tazama rangi. Maji safi au ya manjano hafifu yasiyo na harufu ya mkojo ni ya kawaida, lakini bado unakwenda hospitali hata bila uchungu, kwa kuwa kadiri saa zinavyopita ndivyo maambukizi yanavyopata njia. Ya kijani au kahawia yanaonyesha mtoto ameshapata choo ndani, na safari ni ya mara moja. Vaa pedi, si kitambaa cha rangi nyeusi, ili mkunga aone. Usiingize kitu chochote ukeni. Kama huna hakika ni maji au mkojo, kojoa, vaa pedi kavu, lala nusu saa, kisha simama ukohoe. Pedi ikilowa tena, yachukulie ni maji. Ukihisi kitu kama kamba kimetokeza, piga magoti, shusha kifua chini, matako juu, na ubaki hivyo hadi msaada ufike. Huenda hiyo ni kamba ya kitovu cha mtoto, na ikibanwa mtoto hukosa hewa. Chupa ikipasuka kabla ya wiki ya 37, usisubiri lolote.

Mengine yasiyosubiri asubuhi ni kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, na degedege.

Jiandae pia kurudishwa. Ukifika mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 2, huenda ukaambiwa utembee au urudi nyumbani, na si dharau. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018, leba kamili huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kabla ya kuondoka uliza umefunguka kiasi gani, moyo wa mtoto unapigaje, na urudi kwa dalili gani. Kama unakaa mbali au ni usiku, omba kubaki.

Begi liwe mlangoni wiki ya 36: kijitabu cha mama na mtoto, kitambulisho, picha za skani, leso mbili au tatu, pedi kubwa, pamba, beseni, nguo, kofia na shali ya mtoto, chaja, na uji au glukosi. Orodha hutofautiana hospitali hadi hospitali, kwa hiyo ichukue kliniki. Usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali) na malipo yake vithibitishe sasa, si kwenye dirisha la malipo ukiwa umeshika kiuno. Uwe na namba za madereva wawili wanaokaa mtaani kwenu, maana wa programu ya teksi huweza kukataa safari saa nane usiku. Mlinzi ajue geti litafunguliwa na nani. Boda boda si ya mama aliye kwenye uchungu. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigiwa 1199.

Wiki ya 41 ikifika kimya, rudi hospitali mkapange kuanzishwa uchungu. Kondo huchoka na maji hupungua. Dawa za miti shamba za "kuharakisha" zinaweza kuleta uchungu mkali usioachia, mtoto akakosa hewa au kizazi kikapasuka, hasa penye kovu. Kama tayari umeinywa, mwambie mkunga kabla hajakuwekea dripu ya kuongeza uchungu, kwa sababu akijua atabadilisha mpango.