Je, kila seli T yenye CD25 ni ya kutuliza kinga?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nimepima damu ya watu wazima wenye afya kwa saitometa, mashine inayohesabu seli moja moja, nikitumia kingamwili zenye rangi zinazoshika CD4 na CD25, protini za juu ya seli T zinazotumika kama alama. Karibu theluthi ya seli za CD4 zina CD25. Je, zote ni seli T dhibiti, zile zinazozuia kinga isiushambulie mwili wenyewe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hapana, nyingi si zenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli T dhibiti huwa takriban asilimia 5 hadi 10 ya seli za CD4.

CD25 ni sehemu ya kipokezi cha intaleukini-2, moja ya protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Mtafiti wa Japani Shimon Sakaguchi na wenzake walipoitumia kuzitambua seli hizi mwaka 1995, walikuwa wakichunguza panya wa maabara, wanaofugwa mbali na vimelea. Binadamu amepitia mafua, malaria na minyoo, na seli T za kawaida zikishaamshwa nazo huota CD25. Ndiyo maana kwenye grafu yako huoni makundi mawili yaliyoachana. Unaona mteremko mmoja, na mpaka unauweka kwa kukisia.

Ongeza CD127, kipokezi cha intaleukini-7. Tangu 2006 tunajua kwamba seli T dhibiti zina CD127 kidogo. Chora CD25 dhidi ya CD127, uchukue kundi lenye CD25 nyingi na CD127 chache. CD25 ipe rangi inayong'aa kuliko zote, na uandae mrija mmoja wenye kila kingamwili isipokuwa ya CD25, ukuonyeshe mpaka halisi.

Kwa wagonjwa hiyo haitoshi, kwani seli iliyoamshwa karibuni nayo hushusha CD127. Hapo pima FOXP3, protini inayoongoza kazi ya seli T dhibiti. Imo ndani ya kiini, kwa hiyo lazima utoboe utando, na seli zinakufa. Ukitaka kuzikuza baadaye, ishia kwenye CD127. Tena, kwa binadamu hata seli za kawaida huonyesha FOXP3 kwa muda. Iambatanishe na CD45RA, alama ya seli ambazo bado hazijaamshwa: zenye FOXP3 kidogo na zisizo na CD45RA hazitulizi kinga, bali hutoa saitokini za uchochezi, yaani protini za ujumbe zinazoichochea kinga. Hizo usizihesabu kabisa, maana ndizo zitakazokufanya uandike kuwa mgonjwa ana seli dhibiti nyingi ilhali hana.

Jaribu kwanza kwa sampuli mbili tatu za watu wenye afya. Ukiona bado unavuka asilimia 10 kwa mbali, kagua mpaka wa CD25 kabla ya kugusa damu ya wagonjwa.