Kutafuta pete ya dhahabu ufukweni: maswali yenu

Detekta yangu ya metali inalia ovyo nikikaribia maji. Imeharibika?

Haijaharibika, inasikia chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na mashine ya frikwensi moja, yaani inayotuma mawimbi ya kasi moja tu, huudhania metali. Punguza usikivu kidogo kidogo mpaka itulie, kisha uilinganishe upya na ardhi, yaani uirekebishe ipuuze mchanga wenyewe, ukiwa papo hapo kwenye mchanga mbichi. Isipotulia, tafuta ya frikwensi nyingi. Ile ya mapigo, inayotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi, haisumbuliwi sana na chumvi na hufika chini zaidi, ila haitenganishi vizuri msumari na pete, kwa hiyo utachimba sana.

Niende lini, na nianzie wapi?

Fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Fika saa mbili kabla maji hayajapwa kabisa, yafuate yakishuka, rudi nayo yakianza kujaa.

Halafu isome bahari. Dhahabu ya karati 18 ina uzito wa takriban mara 15 ya maji, mchanga mara 2.6 hivi. Pete basi huzama mpaka ikutane na tabaka gumu la udongo, kokoto au makombe, mara nyingi chini kuliko mashine inavyofika. Ndiyo maana kusi likichafuka ni neema: mawimbi huchota mchanga wa juu na kuacha ukingo kama ngazi. Pita chini ya ukingo huo. Ukianza kuokota chubwi za wavuvi na sarafu mahali pamoja, usiondoke, maana bahari hupanga vitu kwa uzito na pete hutua pamoja navyo. Kopo jepesi na foili tupu? Sogea.

Nizime sauti za foili na vishikio vya makopo ya soda?

Hapana! Kwenye kipimo cha mashine, pete nyembamba husomeka karibu na foili, na pete nene ya kiume husomeka palepale pa vishikio. Ukivizima, umeizima dhahabu. Zima chuma tu, mengine chimba.

Mbona sipati cheni?

Mashine huiona kila pingili peke yake, na pingili nyembamba karibu haisikiki. Kinacholia ni kifungo au kidani. Tumia koili (sahani ya chini inayotafuta) ndogo, iwe sentimita 2 juu ya mchanga, na usiinyanyue mwisho wa kila mpungo. Hapo ndipo wengi hupoteza kina.

Nitajuaje ni dhahabu?

Tazama nambari iliyogongwa ndani ya pete: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Muhuri huweza kughushiwa, kwa hiyo sonara aithibitishe. Ikiwa na majina au tarehe ya ndoa, ina mwenyewe: ulizia hoteli za jirani na kituo cha polisi kabla ya kumfikiria sonara.