Kwa mnaoanza kukusanya data za saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni)

Ukishika dodoso kwa mara ya kwanza, akili yote inakwenda kwa mgonjwa. Ila kazi huharibika zaidi kwa yule asiyeumwa, mtu wa kulinganisha. Ukiwaokota wodi ya kifua kwa sababu ndiyo iliyo karibu, utajaza wavuta sigara, na kwenye hesabu tumbaku itaonekana haina neno. Tafuta wa rika na jinsia ileile, wa vijiji vilevile, ambao kilichowaleta hospitali hakihusiani na sigara wala pombe: jicho, ngiri, au wamekuja kumwona ndugu.

Huku Kilimanjaro swali kubwa ni chai. Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi 2A: yaelekea vinasababisha saratani ya umio, ingawa ushahidi haujakamilika. Vipimo vya mkoani humu vilivyochapishwa 2015 vilikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi. Sasa muulize mzee kama chai yake ni ya moto sana. "Ya kawaida tu, mwanangu." Wote chai yao ni ya kawaida! Kwa hiyo toa kipimajoto. Mimina vikombe viwili vinavyofanana kutoka chupa moja, kimoja chake, kingine cha kupimia. Usimhimize. Akipiga funda la kwanza, soma namba na uiandike palepale, pamoja na kama chai ni ya maziwa au ya rangi.

Kwa mgonjwa kipimo hicho hakikusaidii, maana ameshahamia uji wa vuguvugu. Muulize alivyokuwa akinywa kabla chakula hakijaanza kukwama, na umfungie wakati huo kwenye jambo analolikumbuka, kama mwaka kitinda mimba alipoanza shule. Mkewe akidakia, msikilize, kwani ndiye aliyekuwa anaipika hiyo chai. Ila andika kwamba jibu ni la mke. Kwenye pombe, mbege, ile ya ndizi, mzee ataitaja bila aibu. Gongo, pombe kali ya magendo, hataitaja mbele ya mkwewe, kwa hiyo omba faragha mapema.

Meno nayo myahesabu kweli, msikadirie. Yaliyooza na kung'oka yamehusishwa na ugonjwa huu, lakini huenda ni dalili tu ya umaskini, lishe au tumbaku. Kazi ya kutenganisha hayo ni ya mtakwimu, na hawezi kuifanya kama hukumuuliza mtu kuhusu sigara.

Mwishoni mtoto wa mgonjwa atakufuata koridoni: "Kwa hiyo ni chai iliyomfanya baba hivi?" Usiseme ndiyo. Mwambie kwa mtu mmoja hatuwezi kujua, tunalinganisha watu wengi. Akiuliza wao nyumbani wafanyeje, mwambie waache chai ipoe kidogo, na anayeanza kupata shida ya kumeza asingoje, aje apimwe.